MAJANI MATATU: MAUA YA KIZUNGU YALIYOGOMA KUCHANUA TUKUYU, NA MANENO YA WATU

"Hata maua yake hayazai."

Maneno yenyewe manne tu, yalisemwa asubuhi pale bombani, na kabla ya saa kumi jioni yalikuwa yameshafika saluni kwa mwenyewe. Tukuyu ni mji wa mvua, na mvua ikianza watu wanabanana kwenye baraza moja kusubiri ipungue. Sasa watu kumi wakibanana barazani nusu saa nzima, unategemea waongee nini kama si mambo ya watu?

Aliyesemwa ni mdada wa miaka 32, mtoto wa Temeke, mcheshi, anasuka nywele mpaka wake za wakubwa wanapanga foleni. Ameolewa Rungwe tangu 2017. Hana mtoto. Na maua yenyewe ni airisi, maua ya Kizungu yanayoota kutokana na kitunguu. Mwaka wa kwanza yalichanua watu wakaja kupiga nayo picha, mwaka wa pili yakatoa majani matupu. Yaani waliokuwa wanatafuta fimbo ya kumchapia, fimbo iliota yenyewe mbele ya nyumba yake.

Mumewe walikutana Kariakoo, enzi hizo jamaa anauza kava za simu. Biashara ikabana, na huko kwao parachichi likaanza kulipa, akaamua kurudi nyumbani kuwa dalali: anazunguka na pikapu vijijini, anakusanya parachichi kwa wakulima, anawapelekea wanaosafirisha nje. Mdada akamfuata. Alishuka stendi ya Tukuyu na sweta moja, tena lile la fasheni, la kuvaa kwenye baridi ya kwenye basi. Kwa Dar mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 1,100 hivi. Tukuyu inapita 2,000, na mji wenyewe upo kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushee, mlima Rungwe uko hapo juu unatengeneza mawingu kama kazi ya kuajiriwa. Wiki ya kwanza alifua shuka mara moja, ikakauka baada ya siku nne.

Walijenga kwenye kiwanja cha mama mkwe, upande wa Katumba kwenye mashamba ya chai. Nyuma migomba na kahawa, pembeni parachichi. Mbele ya nyumba kukabaki kipande cha hatua kama kumi kwa sita. Mama mkwe alikuwa ameshakipangia magimbi. Mdada alikuwa amekipangia maua. Hapo ndo ilipoanzia.

"Maua yanaliwa?" mama aliuliza, jembe liko begani.

"Hayaliwi, mama."

"Haya."

Ile "haya" wanawake walioolewa mnaijua. Haina maana ya ndiyo.

VITUNGUU KUTOKA UHOLANZI

Desemba 2021 shoga yake wa tangu sekondari alirudi likizo kutoka Uholanzi, alikokuwa anasoma kilimo pale Wageningen. Alikuwa amepanga chumba kwa babu mmoja mstaafu ambaye maisha yake yote alilima vitunguu vya airisi. Babu aliposikia kuna rafiki Afrika anapenda maua na anaishi sehemu yenye mvua na ubaridi, akampa binti mfuko wa vitunguu arobaini. Binti hakuvificha kwenye viatu kama wengine wanavyofanya. Alishughulikia kibali cha kuingiza mimea na akaja na cheti cha afya ya mimea, maana ugonjwa mmoja wa vitunguu unaweza kuingilia kwenye mfuko wa zawadi na kumaliza shamba la mtu asiyehusika kabisa.

Thelathini vilikuwa vya airisi wanazoziita za Kiholanzi. Kwa kweli ni za Kiholanzi kwa jina tu, kama yule mjomba anayejiita Mzungu kwa sababu aliwahi kufanya kazi melini. Wazazi wake wa porini ni wa Hispania, Ureno na Moroko. Waholanzi wa mji wa Haarlem ndio waliozichanganya wakapata ua refu la kukata na kuweka kwenye chombo. Kumi vilivyobaki vilikuwa vya aina fupi, vidogo kama punje ya kitunguu saumu, vimevaa ganda lenye nyuzi za wavu. Hizo kwao ni milima ya Uturuki, Irani na nchi za Kaukasi. Kule Ulaya ndizo zinazotangulia kuchomoza baridi ikianza kuachia, wakati mwingine theluji bado ipo chini.

Mdada alivipanda kabla ya mwaka mpya. Zile fupi zilitoka kwanza, zambarau, urefu wa kiganja, zikachanua siku tatu na mvua ikazilaza. Halafu mwishoni mwa Februari 2022 zile ndefu zikafunguka, na hapo kijiji kikasimama.

Ua la airisi lina petali tatu zimesimama wima na tatu zimeinama kama mtu anayepokea baraka. Hizi za babu zilikuwa bluu iliyokolea ya kitenge ambacho hakijafuliwa, na kwenye kila petali iliyoinama kuna doa la njano kama mtu amechovya kidole kwenye manjano akagusa. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake upinde wa mvua, na Tukuyu upinde wa mvua si habari, unaonekana karibu kila wiki ya masika. Ila wa kuota ardhini walikuwa hawajauona. Wanafunzi walipita kupiga picha wakiwa na sare. Mdada akaposti Instagram, laiki zikamiminika kutoka Dar, mtu akauliza bei. Hata mama mkwe alionekana jioni moja amesimama pale, mikono nyuma, anaangalia. Alipoona anaonekana akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

MWAKA WA PILI

Mdada aliviacha vitunguu ardhini. Kwani magimbi si yanaachwa? Aprili ikaja na mvua zake, zile za siku nzima, udongo wa volkano ukalowa mpaka ukawa uji. Mwisho wa mwaka majani yakachomoza sehemu kumi na tisa. Zile fupi hakutoka hata moja, zilishaoza zamani, maana kwao kiangazi ni kikavu kama biskuti na zenyewe zinataka kulala pakavu. Hizo kumi na tisa akazisubiri Januari, Februari, Machi 2023. Majani yakawa marefu, membamba, ya kijani kizuri. Ua, hamna.

Na ndo sentensi ya bombani ikazaliwa.

Mwaka huo ulikuwa wa sita wa ndoa. Kuna mambo ambayo kijiji hakikuwa kinayajua. Hakikujua kwamba mdada alishapimwa mara tatu, Mbeya mara mbili na Dar mara moja. Mirija iko wazi, mayai yapo, homoni ziko sawa, na karatasi zote anazo kwenye mkoba ndani ya bahasha ya kaki. Hakikujua kwamba kila daktari alimaliza kwa swali lilelile, "Na mwenzako?" na kwamba mwenzake jibu lake lilikuwa lilelile: "Mimi mzima, si unaniona?" Jamaa si mkorofi. Hapigi, halewi, hela ya matumizi inatoka. Ila ukigusa hilo jambo anachukua ufunguo wa pikapu, na parachichi za Mwakaleli zinakuwa za haraka ghafla.

Kwa hiyo mdada alikuwa anasukwa maneno huku yeye anasuka nywele. Mteja mmoja alimwambia kwa upole kabisa, kichwa kiko mikononi mwake, kwamba kuna mama anatoa dawa Kyela. Mdada alimaliza mistari, akamwonyesha kioo, akapokea hela yake.

Usiku ule alimtumia shoga yake picha ya majani, na shoga akampelekea babu. Babu hakuuliza mbolea, hakuuliza udongo. Aliuliza kitu kimoja: kila kitunguu kimetoa majani mangapi?

Mdada alitoka na tochi ya simu kwenye manyunyu. Matatu. Matatu. Matatu. Yote kumi na tisa, matatu.

Ujumbe wa sauti ukarudi, babu anaongea Kiholanzi polepole, shoga anatafsiri kwa chini. Airisi ya namna hii, babu alisema, kabla haijatoa ua inakuwa imeshaamua mle ndani ya kitunguu. Ikiamua kuchanua, majani yanazidi matatu na katikati inapanda shina. Ikitoa matatu tu ikaishia hapo, ujue ndani hamna ua, usipoteze muda kusubiri. Na ili iamue, inahitaji kitunguu kiwe kikubwa na kishibe, halafu kipitishwe kwenye baridi ya kueleweka, wiki sita mpaka nane mfululizo, nyuzi kama tisa hivi. Vile vya mwaka wa kwanza vilichanua kwa sababu vilishapashwa joto na kupozwa ghalani Uholanzi kabla ya kupanda ndege. Tukuyu havikufanya kitu zaidi ya kumalizia safari. Halafu babu akasema, na hapo sauti ya shoga ilisita kidogo: "Mwambie siyo udongo wake, na siyo mkono wake. Vitunguu havina kosa. Ni baridi tu havijapata."

Mdada aliucheza ujumbe ule mara kadhaa. Mumewe alikuwa macho kitandani, kageukia ukutani.

Mtu wa Dar atauliza, si mnasema Tukuyu kuna baridi? Ipo. Julai unalala na blanketi mbili na asubuhi mdomo unatoa moshi. Lakini saa sita jua likitoka unavua sweta. Baridi ya Tukuyu ni ya kuja na kuondoka, na kitunguu hakihesabu usiku mmojammoja, kinataka ibaki.

KIKAPU CHA SUMU

Juni 2023, mvua zilipokwisha na majani kukauka, mdada alichimba. Kumi na nne vilikuwa vigumu na vyenye ukubwa wa maana, na pembeni vitoto vidogo vingi. Akavianika siku mbili, akaviweka kwenye kikapu jikoni kwa mama mkwe, maana ndo sehemu kavu kuliko zote pale kwao. Alipanga kuvitafutia friji.

Jioni ya siku ya tatu wifi yake, binti wa miaka 19 mwenye haraka zake, anapika nyama. Kitunguu kimeisha. Akaona kikapu. Akamenya viwili.

Airisi si chakula. Kitunguu chake kina sumu ya kuchafua tumbo, na hata ng'ombe anajua kukwepa. Huko nyanda za juu watu wamezoea kwamba kitu kinachochimbwa chini ya ua kinaweza kuliwa, maana kuna chikanda, viazi vya okidi za porini vinavyochimbwa na kuuzwa mpaka Zambia, vinapikwa na karanga za kusaga. Kwa hiyo binti hakuwa mjinga. Alionja mchuzi, ukamuwasha ulimi, akadhani ni pilipili, akaonja tena vizuri. Wengine walikuwa hawajapakua, ashukuriwe Mungu. Saa nne usiku binti anatapika, tumbo linamkata, na mama mkwe amesimama mlangoni anasema kitu kimoja: "Umetuletea sumu ndani."

Jamaa alikuwa njiani na parachichi. Mdada ndiye aliyempandisha wifi yake kwenye bajaji, akamlaza kwenye mapaja, wakaenda hospitali, akakaa naye usiku kucha anamshikia beseni. Walipoulizwa kadi ya bima mdada alikuwa ameshikilia dripu, akamwambia mama mkwe, "Mama, angalia kwenye mkoba." Mama akatafuta. Akakuta bahasha ya kaki. Mama hasomi sana, ila binti anasoma, na kesho yake asubuhi, amelegea lakini hajafa, alisoma zote tatu kwa sauti ndogo wakati mdada ameenda kuchukua chai.

Hakuna aliyesema lolote. Waliporudi nyumbani mama mkwe alikinyanyua kile kikapu, akapanda kwenye kigoda, akakitupia kwenye kichanja cha darini, juu ya mafiga, kunakokaa mahindi ya mbegu. "Kitakaa huko mtu asikione." Moshi ukakimeza. Mdada hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliona basi, hadithi ya airisi imeishia hapo, na magimbi yameshinda.

Vilikaa huko wiki saba.

Agosti shoga anaulizia kutoka Wageningen, vile vitunguu vipo wapi? Mdada akamsimulia kwa aibu, vipo darini, vimefukizwa kama samaki. Majibu ya babu yalirudi usiku huohuo na safari hii hakuongea polepole. Alikuwa anacheka! Wakulima wa airisi, alisema, vitunguu vikishachimbwa wanavikalisha kwanza kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, na wengi wanavipitishia gesi ya ethilini ili viamke na kushika ua, hata vile vya ukubwa wa wastani. Na ethilini imo kwenye moshi. Watu waligundua kwa moshi kabla ya kugundua kwa maabara. Wajapani walikuwa wanafukiza vitunguu vya maua kwa kuchoma majani mabichi. Jiko la mama mkwe lilikuwa limefanya kazi ya ghala la Uholanzi bila kulipia umeme.

Mdada alikwenda kuomba kikapu. Mama mkwe alipanda mwenyewe kukishusha, akakifuta masizi kwa khanga.

"Panya hawajavigusa," alisema. Halafu, akiwa bado ameshikilia, "Vinaenda wapi sasa?"

"Kwenye friji, mama. Miezi miwili."

Mama akamwangalia kama mtu anayejaribu kuelewa watu wa pwani.

Friji lilikuwa la dukani kwa Mangi, lile la vioo la soda. Bei yake: kumsuka mke wa Mangi bure mpaka Oktoba. Masharti yalikuwa mawili. Usiweke matunda yaliyoiva karibu, na kwa Rungwe hilo ni sharti gumu, kila duka lina ndizi na parachichi. Ethilini ya matunda ni ileile ya kwenye moshi, ila ikija wakati ua limeshaanza kutengenezwa inaliharibu. La pili, mfuko uwe wa karatasi, kavu, unapumua. Umeme ulikatika mara nne, mara moja siku nzima, na mke wa Mangi alilifunika friji blanketi kama mgonjwa.

DESEMBA

Vilipandwa wiki ya kwanza ya Oktoba, kwenye tuta lililoinuliwa na kuchanganywa mchanga ili maji yasituame. Mchanga ule jamaa aliuleta na pikapu bila kuombwa. Kwa mwanaume ambaye hataki kuongea, huo ulikuwa usemi mrefu.

Mdada alihesabu majani kila asubuhi kabla ya kwenda saluni. Jani la nne lilipotoka kwenye kitunguu cha tatu alipiga kelele, wifi akatoka mbio akidhani ni nyoka. Katika kumi na viwili, tisa vilivuka matatu. Katika tisa, vitatu vilikaukia kwenye tumba, maana airisi ikikosa mwanga wa kutosha inaliacha ua njiani, na mawingu ya Tukuyu hayana huruma. Sita vilifika.

Sasa Desemba Rungwe kila mtu anarudi nyumbani. Basi kutoka Dar zinajaa, kwenye migomba kunasikika Kinyakyusa cha Mbagala. Tarehe 26 ukoo wote ulikuwa pale uani, nyama, kande, soda, na airisi sita za bluu zimesimama mbele ya nyumba. Watu wakapiga picha. Na shangazi mmoja, ambaye kila ukoo anaye, akasema kwa sauti ya kuchangamsha genge:

"Kumbe yanazaa! Basi bado mwenyewe."

Wawili wakacheka, wakagundua wako peke yao. Mdada alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alibaki amelishika.

Mama mkwe alikuwa anakuna nazi, maana mkwe wake kamfundisha wali wa nazi na sasa hapiki mwingine sikukuu. Hakuinua kichwa. "Yale maua," alisema, "yalikaa moshini kwangu wiki saba. Yakakaa kwenye baridi ya Mangi miezi miwili. Yametafutiwa mchanga. Na huyu mkwe wangu amepimwa hospitali tatu, karatasi zipo, mzima." Akakung'uta mbuzi ya nazi. "Huyu wa kwangu amepimwa wapi?"

Kimya cha pale mtu angeweza kukipakua kwenye sahani. Jamaa aliinuka, akaenda kwenye pikapu, kila mtu akajua ndo ameondoka. Hakuwasha. Alikaa mle ndani, mlango wazi, mguu mmoja nje, mpaka giza likaingia.

Kuna watakaosema mama alimdhalilisha mwanawe mbele za watu, na kweli alimdhalilisha. Ila kwa miaka sita mkwe wake alikuwa amedhalilishwa mbele za watu haohao na hakuna aliyeliita neno hilo.

KITULO

Januari 2024 jamaa alimwambia mkewe wapande Kitulo. Hakusema kwa nini. Njia inaanzia Isyonje, inapita Kikondo, unapanda mpaka unafika juu ya mita 2,600, na migomba ilishakwisha zamani, kumebaki viazi, upepo na nyasi. Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa 2005, na inalindwa kwa ajili ya maua kuliko wanyama. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi za ardhini pekee zinakaribia aina 45. Juni na Julai huko kunaganda mpaka nyasi zinakuwa nyeupe alfajiri, ile baridi yenyewe ambayo kitunguu cha babu kilikuwa kinaitafuta.

Airisi ya kweli haioti porini huku kwetu, hiyo ni ya kaskazini mwa dunia. Ila ukoo wake upo. Mwongozaji aliwaonyesha gladiola ya porini, ya rangi ya chungwa, ambayo ni bibi wa gladiola nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya maua mpaka Ulaya. Akawaonyesha morea, ua dogo lenye petali za kuinama vilevile, jani jembamba vilevile, mdada akapiga magoti kabisa. Baadhi ya morea za Afrika Kusini zinaua ng'ombe, kwa hiyo na roho mbaya ya tumbo ni ya ukoo. Hakuna cha kuchimba pale, ni hifadhi. Alipiga picha moja, simu ikazima kwa baridi.

Walipokaa kwenye pikapu wakinywa chai ya chupa, ukungu umefunika kioo, jamaa ndo akaongea. Alikuwa kidato cha tatu, bwenini. Matubwitubwi yaliingia, mabweni mawili yakaugua, mashavu yamevimba watu wanataniana. Yeye yalishuka. Korodani zikavimba wiki nzima, hawezi kutembea, na aliona aibu kumwambia matroni. Baadaye mkubwa mmoja wa bweni alimwambia waliovimba chini hawazai. Alikuwa na miaka 17. Aliibeba hiyo sentensi mpaka Kariakoo, mpaka kwenye harusi, mpaka pale.

"Kwa hiyo ulijua," mdada alisema.

"Niliogopa. Sikujua."

Mdada hakumkumbatia. Alishuka, akatembea kwenye nyasi zilizolowa mpaka mwongozaji akaanza kuulizana na watu, akarudi viatu vimejaa maji. Miaka sita. Dawa za Kyela alizozikataa na mbili alizokunywa kwa siri. Walishuka mpaka Isyonje bila neno, na pale akanunua viazi, akasema kwa dirishani, "Jumatatu tunaenda Mbeya. Unaendesha wewe."

Matubwitubwi yakishuka kwa kijana aliyebalehe yanaweza kweli kupunguza mbegu, ila mara nyingi hayazimalizi, na wengi wanazaa vizuri tu. Yule mkubwa wa bweni hakuwa daktari. Kipimo cha kwanza kilionyesha mbegu zipo, chache. Daktari alieleza kwamba mbegu za mwanaume zinachukua miezi kama miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi, apumzike na pombe ya mialiko, aache kuvaa jinzi za kubana kwenye pikapu yenye joto, arudi baada ya miezi mitatu. Jamaa aliandika tarehe nyuma ya daftari la parachichi, chini ya hesabu za kreti.

Tarehe hiyo ikaangukia kwenye mvua za Aprili, barabara mbaya, wakasogeza. Wakasogeza tena. Walikwenda Juni, wiki ileile mdada aliyochimba vitunguu. Vile kumi na viwili vilikuwa vimezaana, ukihesabu na vile vidogo vya kulea mwaka mmoja au miwili vilikuwa 31. Mama mkwe alikuwa ameshasuka kikapu kipya na kukifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, ili yule binti na haraka zake asikosee tena.

Waliporudi kutoka Mbeya jioni na bahasha, mama alikuwa amesimama kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika boriti ya dari. Bahasha hakuiuliza. Aliuliza vitunguu ni vingapi mwaka huu, akaambiwa, akaangalia kikapu chake, akasema hakitoshi, wamletee na kile cha mayai.